UZI: Kutoka misitu ya Rungwe na Meru hadi mabonde ya Pemba. Njia za miguu nilizopita, na kwa nini nataka tuanzie msitu wa Ngezi

#1 MchumajiWaWete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikikaa niuandike, msimu wa karafuu unanivuta, au mtoto anaumwa, au naona nani atasoma habari za mtu kutembea porini. Juzi mpwa wangu kaniuliza: "Ami, kule Bara ulikwenda kufanya nini hasa, kupanda mlima kisha ukarudi?" Nikaona bora nijibu kwa maandishi, na wengine wenye swali kama lake wapate.

Mimi ni mtu wa bondeni, si mbali na Wete. Anayeijua Pemba ya magharibi anajua ninachokisema. Huwezi kwenda kwa jirani bila kushuka na kupanda. Unatoka nyumbani, unateremka hadi kwenye mpunga, unavuka mfereji juu ya gogo la mnazi, kisha unaanza mpando mwingine hadi juu kwenye mikarafuu. Ukifika juu unaona kilima cha pili na bonde la pili, na ndivyo hivyo mpaka baharini. Hakuna kilima chetu kinachofika mita 150, lakini vimepangana hata mtu akienda vijiji vitatu kwa siku magoti yake yamefanya kazi ya mlima.

Na Pemba haina volkano. Nalisema mapema kwa sababu nimeshawahi kusikia watu wakibishana barazani. Vilima hivi ni mchanga na udongo wa mfinyanzi vilivyolazwa hapa na maji zama za kale sana, kisha mvua na vijito vikavichonga. Ukenda mashariki, Micheweni na Kiuyu, mambo yanageuka: maweni, mawe ya matumbawe, ardhi tambarare. Kisiwa ni kimoja na nchi ni mbili.

Basi mlima wa moto niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 31. Kazi ilinipeleka Mbeya miezi minne. Mwenzangu wa ofisini, mtu wa kule, akanichukua Jumapili moja kwenda Ziwa Ngosi. Gari inakuacha barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unapita mashamba ya viazi na kabeji, kisha msitu unakumeza. Njia ni ya mizizi na tope. Unapanda kwa kushika miti, unasikia maji yanadondoka ingawa mvua haijanyesha, yale ni mawingu yanajikamua kwenye majani. Ghafla msitu unakwisha, umesimama kwenye ukingo, na chini kabisa kuna ziwa limekaa ndani ya kasoko, shimo la mlima wa moto, kama maji kwenye kitako cha kikombe. Rangi yake ni kijani cha maziwa. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilisema subhanallah nikakaa chini, na kwa kweli miguu ilikuwa inatetemeka vilevile.

Baada ya hapo nikapanda Rungwe yenyewe, karibu mita 2,960, kwenda na kurudi siku moja. Tulianzia upande wa Isongole kabla ya jua. Kwanza mashamba, kisha msitu mkubwa, kisha mianzi iliyobanana hata unapita ubavuubavu, na juu nyasi na vichaka na upepo unaokata. Msitu ule ndio wa kipunji, yule nyani aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005. Sikumuona. Lakini nilipenda kisa chake: wenyeji walikuwa wakimtaja miaka yote na watafiti hawakuwa na habari naye, mpaka walipokwenda kumtafuta kwa kufuata maneno ya wenyeji.

Meru nilikwenda miaka miwili baadaye, kwa pesa zangu za karafuu. Siku nne. Geti la Momella, unaanza na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na si hadithi, tuliwapita kundi zima wakitutazama. Usiku wa kwanza Miriakamba, mita 2,500 na kitu. Wa pili Saddle, kama mita 3,570. Halafu saa saba za usiku mnaamshwa kwenda kileleni, zaidi ya mita 4,500, mnatembea juu ya ukingo wa mlima ambao upande mmoja ulishaporomoka zamani. Kushoto giza, kulia giza, na mchanga mweusi wa volkano unakurudisha nyuma hatua moja kila ukipiga mbili. Kilimanjaro ukaanza kuonekana mashariki, jua likatokea nyuma yake.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu si kilele. Ni kichaka.

Siku ya pili, kati ya Miriakamba na Saddle, miti mikubwa ilipungua tukaingia kwenye vichaka virefu vya majani membamba kama sindano, vimening'iniza nyuzi za kijivu kama ndevu. Nikasimama. Nikamwambia kiongozi wetu, mimi huu mti naujua. Akacheka, akaniambia huu ni wa mlimani, mtu wa pwani utaujulia wapi. Niliporudi nyumbani nikaenda Ngezi, nikamuomba mlinzi wa msitu anipeleke kwenye ule uwazi wenye mchanga mweupe. Pale pana kichaka kinachofika kifuani, majani yaleyale membamba, maua madogomadogo. Mlinzi akaniambia wataalamu wanakiita Erica mafiensis, kipo Mafia na kipo hapa kwetu. Cha Meru ni Erica vilevile, aina nyengine, ukoo mmoja. Kule unamkuta mita 3,000 kwenye baridi ya kuganda. Hapa yupo karibu na usawa wa bahari, dakika chache kutoka ufuoni Vumawimbi.

Nimeupita ule msitu tangu utotoni nikenda Makangale kwa shangazi, na sikuwahi kujua kwamba jamaa wa mlimani amekaa pale.

Kwa hiyo nataka tutembee. Nataka kundi la watu wa hapahapa tuzijue njia zetu kwa miguu, tukianzia Ngezi, kabla ya mtu kufikiria Meru wala Rungwe. Nitajibu maswali yote ninayoyaweza.

#2 KijanaWaKonde

Waalaykum salaam kaka. Uzi mzuri mashallah. Mimi nakaa karibu na huo msitu na nakiri sijawahi kuingia ndani zaidi ya barabara inayopita katikati. Tumekua tukiambiwa usiingie Ngezi ovyo, mna wenyewe.

Nina maswali mawili. Moja, ukitoka Pemba mlima wa karibu si Usambara? Wavuvi wa upande wetu husema asubuhi baada ya mvua, hewa ikiwa safi, wanaiona milima ya Tanga kama wingu lililolala. Nayo ni volkano? Pili, mtu asiye na pesa nyingi aanze wapi?

#3 MchumajiWaWete

Konde, wavuvi wanasema kweli, nami nimeiona mara moja kutoka baharini, mstari wa buluu upande wa magharibi. Usambara ndiyo milima ya karibu kwetu. Lakini si volkano. Ile ni miamba ya kale mno iliyonyanyuliwa, wanaiita milima ya Tao la Mashariki, pamoja na Pare, Uluguru na Udzungwa. Volkano ni Kilimanjaro, Meru, Ngorongoro na wenzake, Rungwe na Ngosi kule kusini, na Ol Doinyo Lengai ambao mpaka leo uko hai. Ukiwa na mguu juu yake unaona tofauti. Usambara udongo mwekundu na mawe magumu. Rungwe udongo mweusi, laini, unaingia kucha, na mawe ya matundumatundu mepesi mkononi.

Juu ya pesa: Meru ni ghali, kuna kiingilio, askari, kulala, mpishi, wabebaji. Raia tunalipa kidogo sana kuliko wageni, lakini bado ni pesa ya kujiwekea. Ngosi na Rungwe ni nafuu, unamtafuta kijana mwenyeji wa kukuongoza na kibali unachukua kwa watu wa misitu Tukuyu, maana Rungwe ni hifadhi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kinachokula pesa ni safari ya kufika. Ndiyo maana nasema anza Ngezi. Kwa wewe wa Konde ni nauli ya kopo la soda.

#4 BintiChake

Nimefurahi kusoma. Swali langu ni la wanawake, na naomba nisijibiwe kwa jumlajumla. Mtu anavaa nini? Mimi sitovaa suruali ya kubana mbele ya watu. Na sala je, siku nne mlimani, maji ya baridi, mtu anafanyaje?

#5 MamaWawili_Mkoani

Binti Chake, nijibu mimi kwa mavazi kwani nilifika Ngosi na mume wangu na shemeji zangu.

Buibui refu uache garini. Si kwa sababu nyengine, linanasa kwenye mizizi na litakuangusha, mimi nilianguka nalo nusu saa ya kwanza tu. Nilivaa suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake gauni linalofika chini kidogo ya goti lenye mpasuo wa kutembelea, na mtandio wa pamba mdogo uliofungwa nyuma. Mtandio wa kuteleza usichukue, utashinda unaurekebisha badala ya kushika miti. Soksi ndefu. Kanga mbili begani: moja ya kujifunika ukipata baridi, moja ya kukalia na kusalia. Viatu raba zenye meno, zilizokwisha kuzoea mguu wako. Na usiende na champali hata za kuteremkia.

Njiani tulipishana na kina mama wenyeji wamevaa vitenge na viatu vya plastiki wanabeba kuni, wanatupita mbio. Wakatusalimia, mmoja akanishika mkono pahala penye tope akanivusha. Sikujua lugha yake wala yeye hakujua sana Kiswahili, akasema tu "pole mama".

#6 MchumajiWaWete

Ahsante Mama Wawili, umesema lililonizidi.

Sala, nasema nilivyofanya mimi na mashekhe watanirekebisha. Ni safari, kwa hiyo tulipunguza na kujumuisha. Adhuhuri na Alasiri pamoja tukifika kambini, Magharibi na Isha pamoja kabla ya kulala. Kutia udhu, nilivaa khufu, yaani soksi za ngozi, nikiwa na udhu kamili na nikawa napaka juu yake. Msafiri ana ruhusa ya siku tatu na usiku zake. Hilo lilinisaidia kuliko koti. Alfajiri ya kileleni tulisali njiani kwenye mwamba, tukasimama wawili tu, tumejikunja kwa upepo. Kibla hakikututia shida: Makka iko karibu kaskazini sawasawa kwetu sisi wa Pemba, na ukiwa Meru unaelekea mashariki kidogo ya kaskazini. Kiongozi wetu, Mkristo, ndiye aliyenishikia tochi.

Sasa niseme na jambo langu baya ili asiumie mtu mwengine. Viatu. Niliazima na kununua vitu mjini kabla ya kupanda, na buti nilizouziwa zilikuwa nzuri kuzitazama. Siku ya pili soli ya mguu wa kulia ikaanza kufunguka mbele kama mdomo wa changu. Gundi ilikuwa ya zamani. Mbebaji wetu mmoja akaifunga kwa kamba ya katani, mara tatu kuzunguka, na kwa kamba ile nilikwenda juu na kurudi. Kijana yule alikuwa amevaa raba zilizokatika pembeni na mgongoni ana mzigo wangu mimi. Tulipoteremka nilimpa koti langu. Lilikuwa dogo kulipa alilonifanyia.

Kiatu ukivae Pemba mwezi mzima kabla. Panda nacho mpando wa Mkoani bandarini hadi juu, asubuhi na jioni. Kama kitakatika, kikatikie hapa.

#7 Mtukuyu_Visiwani

Habari za wakati ndugu zangu. Mimi ni Mnyakyusa, nipo Unguja mwaka wa saba, nafundisha skuli. Kuona Rungwe inaandikwa na Mpemba kumenigusa sana.

Niongeze machache. Kwanza msimu. Tukuyu kwetu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na mvua yake haijui aibu, kuanzia Novemba hadi Mei njia ya Rungwe ni sabuni. Njooni Agosti hadi Oktoba. Juni na Julai ni kukavu lakini baridi yake si ya mchezo kwa mtu wa pwani.

Pili, msiishie mlimani. Uzuri wa kwetu ni kule chini ambako milima imemwaga udongo wake. Toka Tukuyu mjini kwa miguu ushuke mashamba ya chai, ni kijani kimepigwa pasi, kilima baada ya kilima, na katikati migomba na nyumba na kahawa. Unatembea siku nzima na hupiti pahala pasipo mtu wa kukusalimia. Nenda Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Lava ilipita, ikapoa, maji yakatoboa chini yake, likabaki daraja la mwamba ambalo hakulijenga mtu. Karibu na hapo pana Kijungu, mto wote unaingia kwenye chungu cha jiwe unazunguka humo kwa ngurumo.

Tatu, kuna kilima cha Kyejo, kusini ya Rungwe. Huko moto ulitoka takriban miaka 200 iliyopita, na wazee wetu walipokezana habari hiyo. Kwa hiyo mkipita kwenye mashamba yale ya ndizi mkaona mawe meusi yamepangwa mipakani, mjue yalikuja kama uji.

Na mkifika Ngosi msitupe mawe ziwani, wala kupiga kelele pale ukingoni. Wenyeji wanalihishimu lile ziwa, na mgeni anahishimu anachokihishimu mwenyeji.

#8 Fundi_Mtambwe

Nimesoma yote. Mnisamehe, mimi nina neno tofauti.

Mnazungumza kutembea kama jambo la kulipia na kuvalia viatu maalumu. Mama yangu alitembea maisha yake yote. Kutoka kwetu hadi shamba la mpunga, kurudi na mzigo kichwani, kwenda kuchota maji, kwenda kuchuma kwa watu, pakacha mgongoni na mtoto mbele. Magoti yake leo hayamchukui hadi msalani. Hakuna aliyemuandikia uzi. Mkimwambia mtoto wake sasa atembee vilimani kwa raha, atakuoneni mna kichaa.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Njia zenyewe zinakufa. Ile njia ya miguu iliyotoka kwetu ikapita chini ya mkarafuu mkubwa, ikavuka bonde, ikatokea skuli, imekatwa. Mtu kanunua, kaweka ukuta. Watoto wanazunguka barabarani kwenye bodaboda. Hakuna hati ya njia, hakuna ramani, ilikuwepo kwa sababu watu walipita. Sasa hawapiti, na haipo.

#9 MchumajiWaWete

Fundi, shikamoo. Neno lako limenikaa kifuani tangu jana usiku, na ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Kuhusu mama, sina la kubisha. Mamangu mimi alikuwa vilevile. Nilipokuwa usiku ule Meru, pumzi zimenikatika, mchanga unanirudisha, kilichonisukuma mbele ni kumbukumbu ya bibi yangu akipanda kutoka bondeni na gunia la karafuu mbichi kichwani, jua la saa nane, hasimami. Alikuwa akihesabu kwa tasbihi ya mdomo, hatua na subhanallah, hatua na subhanallah. Nami nikafanya hivyo hivyo. Miguu iliyonifikisha juu ya volkano nimerithi kwake, na njia zilizoitengeneza ndizo hizo unazosema zinakatwa.

Kwa hiyo mimi na wewe tunalilia kitu kimoja. Umesema mwenyewe: zilikuwepo kwa sababu watu walipita. Basi tupite. Nimeona kule Tukuyu vijana wanaishi kwa kuongoza watu kwenye njia za bibi zao. Wanajua kila mti, wanajua wapi pana maji, na kwa kuwa njia ina faida hakuna anayeikata. Hapa kwetu Kidike wanakijiji walifanya hivyo kwa popo. Popo wa Pemba alikuwa karibu kutoweka, akiliwa na miti yake kukatwa. Watu wakakaa wakaamua kumlinda, na leo unakwenda pale jioni unawaona maelfu wanaruka juu ya mikarafuu kama majani yanayopeperushwa. Popo yule hayupo pahala pengine duniani ila Pemba.

Njia nazo zinaweza kulindwa kwa mtindo huo. Mimi nimeanza daftari. Kila njia ninayoipita naiandika: inaanzia wapi, inavuka bonde gani, nani mwenye shamba, nani wa kuombwa ruhusa. Nimeshaandika 14. Naomba yako iwe ya 15, hata kama imekatwa, niandikie ilivyokuwa ikipita.

#10 NgazijaWete

Salaam. Babu yangu alikuja Wete kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, na mwaka juzi nilikwenda kwa ndugu zetu. Nyie mnaotafuta volkano, mmeisahau ya bahari yetu wenyewe. Karthala, mita 2,361, Ngazija, na iko hai kweli: iliripuka 2005 ikajaza Moroni majivu, maji ya kunywa yakaharibika.

Nilipanda na binamu zangu siku mbili. Unaanza kwenye migomba na mikarafuu, wallahi harufu ileile ya nyumbani, kisha msitu wenye ukungu, na juu hakuna kitu, weusi mtupu na shimo ambalo ukitazama ndani kichwa kinazunguka. Maji hakuna kabisa juu, beba yako yote. Na pale juu, Mchumaji, nilikuta hicho kichaka chako cha majani sindano. Sikujua ni kitu gani mpaka leo niliposoma. Vilikuwa vimeungua upande mmoja na upande wa pili vimechipua.

#11 MchumajiWaWete

Ngazija, umenitia machozi. Kama ni ukoo huohuo, basi yuko Karthala, yuko Ngezi, yuko Meru.

#12 KijanaWaKonde

Nimekwenda leo! Baada ya sala ya Ijumaa nimempata mlinzi pale langoni, nikalipa kiingilio cha mwenyeji, akanitembeza saa moja na nusu. Mvule mkubwa ambao watu wanne hatuukumbatii. Mpapindi nimeushika kwa mkono, mti mwembamba wa jamii ya mnazi wenye shina la pete, naye akaniambia huu duniani kote unaota Pemba tu. Kuna migomba ya porini yenye ndizi za mbegu tupu, ngumu kama kokoto. Kima punju tumewasikia, hatukuwaona. Kasema waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, wachache, na mpaka leo wapo.

Kichaka cha mlimani nimekiona. Mchanga wake mweupe kama chumvi, na jua kali pale hata ukatoka kivulini unafumba macho. Nimeuliza kwa nini kimeota hapo tu. Kasema mchanga ule hauna rutuba, miti mikubwa inashindwa, huyu anaweza.

Na nimeuliza juu ya wale "wenyewe" wa msituni. Kasema ukiingia kwa adabu, ukatoa salamu, hukati, huchafui, hakuna neno. Nikatoa salamu.

#13 BintiChake

Mimi na wadogo zangu wawili tunataka kwenda. Lini?

#14 MchumajiWaWete

Tupange hivi. Jumamosi ya kwanza baada ya masika kwisha, njia za msituni zikauke kidogo. Tukutane Konde baada ya Alfajiri, gari ya mwanzo ya kutoka Wete na Chake inawahi. Kutoka Konde tunatembea hadi langoni Ngezi, jua halijapanda. Ndani ya msitu asubuhi nzima na mlinzi. Adhuhuri tunasali Makangale. Kisha Vumawimbi ufuoni, tule, tupumzike, na wenye nguvu waendelee hadi mnara wa taa Kigomasha. Warudi na gari.

Kila mtu: maji lita mbili, raba zilizozoeleka, kofia au mtandio wa pamba, soksi za kuzuia siafu. Chakula mimi nitaleta mkate wa mofa na tende. Mama Wawili kama utaweza vile visheti vyako ulivyovisifu kule kwenye uzi wa mapishi, tutashukuru. Takataka zote tunarudi nazo, hata ganda la chungwa.

Wazee wenye magoti mabovu waje na gari hadi langoni, njia fupi ya mwanzo ni tambarare.

#15 Mtukuyu_Visiwani

Nitapanda boti Ijumaa nije. Naleta majani ya chai ya Tukuyu.

#16 Fundi_Mtambwe

Mchumaji, andika kwenye daftari.

Inaanza nyuma ya msikiti wetu wa zamani, penye mzambarau. Inashuka kushoto. Pana ngazi saba zilizochongwa kwenye udongo, alizichonga marehemu baba na alikuwa akizirudia kila baada ya masika. Chini kuna mfereji, gogo la mnazi, halafu mpunga pande mbili, njia inakuwa nyembamba unaweka mguu mbele ya mguu. Ukivuka unapanda kwenye mikarafuu. Wa tatu kulia una kovu, pale ndipo kina mama walikuwa wakitua mizigo. Juu kabisa unaona bahari na kisiwa cha Fundo. Kisha ukuta.

Nimekwenda kwa mwenye ukuta jana. Ni kijana, wala hakujua kama palikuwa na njia. Kaniambia nimuoneshe. Tumekwenda naye hadi chini kwenye mfereji, ngazi mbili za baba bado zipo.

Jumamosi hiyo nitakuja Ngezi, na mama nitamleta na gari hadi langoni. Amesema anataka kuuona huo mti unaokaa juu ya milima.